Kula mpaka ushibe: kwa nini watu kumi na sita wa kikoba chetu tulishindwa sahani ya tatu?

#1 Mtunza_Daftari (Chuno, Mtwara)

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo limetugawa kwenye kikoba, na Jumapili tuna kikao.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kula chakula cha mchana Shangani, kwenye mgahawa wa chakula cha Kimalaysia. Mpishi ni mtu wetu wa kusini, alifanya kazi ya jiko huko Malaysia akarudi na mkewe wa hukohuko. Siku za kawaida anauza sahani moja moja, lakini Jumamosi ni kula mpaka ushibe. Unalipa 22,000 mlangoni, unajipakulia utakavyo, unarudi mara utakazo. Masharti ni mawili: hakuna kufungasha, na ukibakiza chakula unaongeza 5,000.

Tulikuwa kumi na sita. Jumla 352,000, zimetoka kwenye faida ya mwaka. Kwa mama ntilie wetu wa sokoni, wali samaki 4,000, hiyo ni sahani 88. Kwa hiyo watu walijipanga. Wengi hawakunywa hata chai asubuhi. Mmoja alisema wazi kwamba asipofika sahani tano tumuite jina jingine.

Mimi ndiye mtunza daftari, nikahesabu. Sita walikula sahani moja wakaishia hapo. Tisa walikula mbili. Mmoja tu alifika ya tatu, naye ni mzee wetu mwenye miaka 67 ambaye hakujitapa chochote. Sahani 27 kwa jumla. Na wote tulitoka tunahema, wawili wakalala kwenye bajaji.

Vyakula vilikuwa: wali wa nazi wenye harufu nzuri ya majani, pembeni dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili ya kuungwa wanayoiita sambal. Nyama ya rendang. Mishkaki midogo na mchuzi wa karanga. Chapati laini zenye matabaka na mchuzi wa dengu. Tambi za mchuzi. Kuku. Achali ya nanasi na tango. Na kinywaji cha rangi ya waridi chenye maziwa.

Mweka hazina anasema tumechezewa, chakula kimepikwa makusudi ili mtu ashibe haraka. Katibu anasema ni sisi wenyewe hatukujua kula. Mimi nataka kuelewa kabla ya kikao, kwa sababu watu wanataka kurudi Desemba na wengine hawataki kusikia. Nini kilitushinda?

#2 Kifumbu

Jibu liko kwenye orodha yako mwenyewe, mkuu. Wali wa nazi, nyama ya nazi, mchuzi wa nazi. Mmekunywa tui.

#3 BintiShangani

Naunga mkono #2. Ule wali unaitwa nasi lemak. Nasi ni wali, na hilo neno lemak kwa Kimalay ni mafuta, ule utamu mzito wa tui. Jina lenyewe limekuonya. Kule watu wengi wanaula asubuhi, umefungwa kwenye jani la mgomba, pakiti ndogo ya kushika mkononi. Ninyi mmeupakua kwa mwiko.

#4 Kijana_wa_Ligula

Sisi kusini tumezaliwa na wali wa nazi. Bibi yangu Mikindani anaweka tui la kwanza na la pili, na tunapiga sahani tatu siku ya Idi. Hoja ya tui haisimami.

#5 Kifumbu

@Kijana_wa_Ligula bibi yako anaweka nazi mbili kwenye sufuria ya watu kumi. Umewahi kuona rendang ikipikwa? Nilijifunza kwa dada mmoja nikapika nyumbani: kilo moja ya nyama, nazi tatu. Nyama inachemka ndani ya tui na mchaichai, tangawizi, vitunguu, pilipili, saa tatu na zaidi, mpaka tui lote linakauka na kuacha mafuta yake. Kuanzia hapo nyama haichemki tena, inakaangika kwenye mafuta ya nazi iliyotoka nayo. Halafu juu yake unaongeza nazi nyingine iliyokaangwa bila mafuta mpaka ikawa kahawia, ikatwangwa mpaka ikatoa mafuta. Wanaiita kerisik. Vipande vitatu vya nyama ile ni nazi nzima tumboni.

Mchuzi wenyewe huuoni, ndiyo maana mtu anadhani ni nyama kavu na anajaza.

#6 NesiMstaafu

Habari zenu wanangu. Kifumbu amesema kweli kwa upande wa mafuta. Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, mwili unalipunguzia tumbo kasi ya kujimwaga. Chakula kinakaa juu muda mrefu, unajisikia umejaa. Ugali na mchicha unapita haraka kuliko nyama ya tui.

Lakini kuna la pili. Taarifa ya shibe kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo huchukua kama dakika 20. Mtunza Daftari, naomba utuambie mlifika saa ngapi na mlianza kula saa ngapi.

#7 Mtunza_Daftari

Asante mama. Tulikubaliana saa saba mchana. Tulianza kupakua saa nane kasorobo kwa sababu tuliwasubiri watu watatu waliokuwa wanavuka na feri kutoka Msangamkuu.

#8 NesiMstaafu

Na hizo dakika 45 mlikuwa mnafanya nini?

#9 Mtunza_Daftari

Tulikaa tunaongea. Kulikuwa na mabakuli mezani, zile chipsi nyepesi za unga na kamba, na korosho za kukaanga. Na ile jagi ya waridi.

#10 Mchuuzi_Ferikoti

Haya basi, uzi umefungwa.

#11 MamaKorosho

Haujafungwa. Ila Mtunza Daftari, daftari lako limesahau mabakuli. Mlijazwa mabakuli mangapi?

#12 Mtunza_Daftari

Sikuhesabu mabakuli, dada. Yalikuwa yanaongezwa. Jagi ziliondoka sita au saba.

#13 Kijana_wa_Ligula

Jagi saba! Kile kinywaji ni sharubati ya waridi na maziwa ya kopo. Mimi nabadilisha msimamo: si tui, ni sukari. Mliingia mezani mkiwa mmeshakunywa chakula cha mchana.

#14 Mweka_Hazina_Huyohuyo

Nimetumiwa uzi huu nikaona niingie, maana natajwa. Sikusema tumeibiwa. Nilisema mpangilio wa ile meza una akili. Ukiingia unakutana na wali kwanza, kisha chapati, kisha tambi. Nyama ipo mwisho kabisa, na mishkaki nyuma yake. Mtu amefika kwenye nyama sahani imeshajaa wanga. Na sahani zenyewe si kubwa. Fedha ni za wanachama na mimi ndiye ninayeulizwa, kwa hiyo lazima niseme ninachokiona.

#15 Mwana_Mikindani

Mweka hazina, hata kwenye harusi zetu wali unatangulia. Nani aliwahi kupanga nyama kabla ya wali?

#16 Mweka_Hazina_Huyohuyo

Harusini sijalipa 22,000.

#17 Aliyerudi_KL

Wakuu, nimesoma Kuala Lumpur miaka minne, naomba nirekebishe jambo. Kula mpaka ushibe si utaratibu wa kila siku wa Wamalaysia. Wao wana kitu kinaitwa nasi campur. Unapewa wali, unapita kwenye mabakuli ishirini au thelathini unajichotea, kisha muuzaji anaiangalia sahani yako kwa jicho tu na kukutajia bei. Ukichukua kamba wakubwa utasikia. Kwa hiyo mtu anajifunza kuchukua kidogo kidogo vya aina nyingi.

Bufee kubwa za bei moja zinashamiri kwenye mahoteli mwezi wa Ramadhani, wakati wa kufuturu. Huko nako niliyaona haya mnayoyasema. Mtu kafunga kutwa nzima, kalipa fedha nyingi, anaanza na kinywaji baridi na vitafunwa, na baada ya nusu saa ameegemea kiti. Mwenye hoteli anajua hivyo. Wala si siri.

Kwa hiyo waliokosa chai asubuhi walijidanganya. Tumbo lenye njaa kali halikupi nafasi zaidi, linakupa papara.

#18 Kifumbu

@Aliyerudi_KL na yale majani ya kwenye wali? Mke wangu anasema ni mchaichai.

#19 Aliyerudi_KL

Hapana, mchaichai uko kwenye nyama. Kwenye wali ni pandan, jani refu linafungwa fundo na kutumbukizwa sufuriani.

#20 Mwana_Mikindani

Pandan ni ndugu wa mkadi wetu. Wazee wa pwani wanaujua mkadi kwa ua lake, linatiwa kwenye vikuba vya maharusi. Ule wa kupikia ni aina nyingine, jani lake ndilo lenye harufu. Msije mkaenda kukata mkadi wa ufukweni mkatia kwenye wali.

#21 BintiShangani

Nimeongea na mke wa mpishi leo, nimepita dukani kwake kwa ajili ya uzi huu. Sikumwambia kuna watu wanamjadili. Jambo moja limenifurahisha sana. Kule kwao wanasaga njugu fulani ngumu yenye mafuta, buah keras, ili kuuzitisha mchuzi. Hapa haipatikani. Anatumia nini? Korosho zetu! Zile zilizovunjika, ananunua kwa kilo.

#22 MamaKorosho

Mmeona sasa? Tui na korosho kwenye mchuzi mmoja. Mimi nabangua korosho mwaka wa kumi na moja huu, nawaambia karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta. Kisamvu changu nikikiunga kwa korosho na tui, mume wangu anakula ugali nusu ya kawaida yake.

#23 Mchuuzi_Ferikoti

Kwa hiyo mweka hazina amelipa 352,000 kwenda kula korosho. Huku Mtwara!

#24 Mweka_Hazina_Huyohuyo

Nimesoma, nimenyamaza.

#25 Aliyerudi_KL

@MamaKorosho shikamoo. Utashangaa zaidi: Wamalay wanakula majani machanga ya mkorosho mabichi, yale mekundu mekundu ya ncha. Wanayachovya kwenye sambal wakila na wali. Na korosho wanaiita gajus.

#26 MamaKorosho

Marahaba. Majani? Yale yanayoacha utomvu mdomoni?

#27 Aliyerudi_KL

Yana ukakasi kidogo, ndio utamu wake kwao.

#28 Mkulima_Nanyamba

Naomba mtu yeyote anayesoma hapa asitoke akaenda kuchuma majani shambani kwa watu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa tunapuliza salfa na dawa nyingine kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ukitaka kuonja, onja mkorosho wa nyumbani ambao hujaupulizia chochote. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu watoto wanapita kula mabibo na kugusa kila kitu.

#29 Mwalimu_wa_Kilwa

Nimesoma uzi wote tangu jana na naona mnazunguka swali kubwa zaidi bila kulishika. Kwa nini watu wa kusini wakila chakula cha Kimalaysia hawaoni ugeni? Tui, ukwaju, tangawizi, mchaichai, dagaa, wali, ndizi za kukaanga. Mtunza Daftari ameorodhesha vyakula vya nchi iliyo ng'ambo ya bahari na hakuna hata kimoja alichosema kilimshinda ulimi.

Jibu langu ni bahari. Mreno Tomé Pires alikaa Malacca, bandari ya Kimalay, kati ya 1512 na 1515, akaandika orodha ya wafanyabiashara waliokuwa wakifika bandari ile. Kwenye orodha hiyo wamo watu wa Kilwa na watu wa Malindi. Kilwa hii, iliyoko mkoani Lindi. Babu zetu walikuwa wanafika kwenye bandari za Malay kabla hajazaliwa yeyote wa kutuambia kuna chakula cha kigeni.

#30 Kijana_wa_Ligula

Mwalimu, Lindi mnapenda kuingiza Kilwa hata kwenye sambal.

#31 Mwalimu_wa_Kilwa

Na ninyi Mtwara mnapenda kuingiza gesi hata kwenye msiba. Mimi nimetoa ushahidi.

#32 Baharia_wa_Zamani

Salaam. Nilikuwa melini miaka 19, Penang na Port Klang, bandari za Malaysia, nimeshuka mara nyingi. Mwalimu asingoje orodha ya Mreno, asikilize maneno. Mmalay anakusalimu "apa khabar", habari gani. Sabuni ni sabun, kitabu ni kitab, wakati ni waktu, dunia ni dunia hivyohivyo. Meza ni meja. Bendera ni bendera. Nanasi ni nanas. Mara ya kwanza nilipoingia kwenye duka la chakula Penang nikaagiza kwa kuonyesha kidole, mzee wa pale akacheka, akaniita aniwekee mwenyewe. Nikapata wali na michuzi mitano imemwagwa juu yake kwa pamoja, nasi kandar. Tangu siku hiyo bandari ile sikuiona ugenini.

#33 Mwana_Mikindani

Baharia, maneno hayo hayathibitishi kwamba tulikutana. Khabar, sabuni, kitabu, wakati, dunia, sisi na wao wote tumeyapata kwa Waarabu. Meza na bendera wote tumepewa na Wareno. Nanasi lenyewe limetoka Amerika. Ni watoto wawili waliolelewa na mlezi mmoja, si lazima wawe ndugu.

#34 Mwalimu_wa_Kilwa

Sawa, na birimbi? Birimbi inayopandwa kila ua wa Lindi na Mikindani, tunayotia kwenye samaki na achali. Mmalay anaiita belimbing, na ndiko asili ya mti wenyewe, visiwa vile. Shokishoki inayoletwa kutoka Unguja ni rambutan yao. Doriani ni yao. Huyo mlezi alikuwa Mwarabu au Mreno?

#35 Mwana_Mikindani

Birimbi nakupa. Inaweza kuwa ilipitia India kwanza, lakini nakupa.

#36 Baharia_wa_Zamani

Mnasahau ngalawa. Ile mitengo miwili ya pembeni, Mwarabu hana, Mreno hana. Wenye vyombo vya namna ile ni watu wa visiwa vya huko, waliokwenda mpaka Madagaska na kukaa. Lugha ya Madagaska mpaka leo ni ndugu wa Kimalay. Kutoka Madagaska kuja pwani hii kuna Ngazija tu katikati. Wapo wanaosema nazi nayo ilisafiri na watu hao.

#37 Mchuuzi_Ferikoti

Nazi inaelea. Haihitaji nauli.

#38 Mwalimu_wa_Kilwa

Inaelea, ila kuna utafiti wa vinasaba vya minazi uliotoka mwaka 2011. Minazi ya dunia imegawanyika makundi mawili makubwa, ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi, na eneo ambalo makundi hayo yamechanganyika ni Madagaska, Ngazija na huku kwetu. Mchanganyiko huo watafiti wanauhusisha na mabaharia hao wa kutoka visiwani. Kwa hiyo tui la Mtunza Daftari lina historia mara mbili.

#39 Mkulima_Nanyamba

Na wao walichukua michikichi Kigoma wakaenda kutajirika kwa mawese. Sisi tumebaki tunaagiza mafuta ya kupikia kwao. Hili linaniuma kila nikinunua dumu.

#40 Aliyerudi_KL

Mzee wangu, na mimi niliondoka hapa nikiwa naamini hivyo, nikaenda nikawaambia wenzangu darasani. Historia yenyewe ni nyingine. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi na Kati. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa Bogor, kisiwani Java, na mbegu zilizotokana nayo ndizo zilizosambaa. Shamba la kwanza la biashara upande wa Malaya lilianza mwaka 1917, Selangor. Kigoma haimo.

Lakini Afrika imo tena baadaye. Michikichi yao ilikuwa haichavushwi vizuri, watu walikuwa wanachavusha kwa mkono. Mwaka 1981 wakaachia mashambani mdudu mdogo kutoka Kameruni anayefanya kazi hiyo, na kazi ya mkono ikaisha.

#41 Mkulima_Nanyamba

Nimekuelewa, kijana, lakini hata kama si Kigoma, uchungu haujapungua. Mdudu mmoja tu! Sisi korosho tunayo tangu enzi za Wareno, na sehemu kubwa bado inaondoka bandarini na maganda yake.

#42 MamaKorosho

Hapo umenigusa, kaka. Ukiniuliza mimi, mtu aliyerudi Mtwara akafungua mgahawa na ananunua korosho iliyobanguliwa na akina mama wa hapa, hata zilizovunjika, huyo simpingi kwa sahani mbili wala tatu.

#43 Kifumbu

Wakuu tumehama. Mwenye uzi ana kikao Jumapili.

#44 Nguru_Mkavu

Narudi kwenye mada. Mimi nilikuwepo, ni mwanachama, nilikaa meza ya pili. Sababu ni moja tu na hakuna aliyeitaja: pilipili. Nilichovya sambal nikaona moto, nikanywa ile jagi ya waridi, nikarudia. Kila tonge glasi. Mtwara Novemba, saa nane mchana, upepo hakuna, jasho linatiririka mpaka kwenye nyusi. Nani atakula sahani tatu katika hali ile?

#45 Kijana_wa_Ligula

Umeona, tumerudi kwenye jagi.

#46 Nguru_Mkavu

Jagi ni matokeo, chanzo ni pilipili na joto.

#47 NesiMstaafu

Joto linapunguza hamu ya kula, hilo ni kweli kabisa. Tena waliolala kwenye bajaji kama kuna mwenye sukari au presha, asiache kupima. Mtu hajanywa chai, anakuja kunywa glasi sita za sharubati. Kwa mwenye kisukari hilo si jambo la mzaha, na kwenye watu kumi na sita hawezi kukosa mmoja.

#48 Mtunza_Daftari

Yupo mmoja, mama. Alikula sahani moja na hakugusa jagi, alikunywa maji. Sasa naelewa kwa nini. Na mimi nilikuwa nimemwandika miongoni mwa walioshindwa. Nitalifuta.

#49 BintiShangani

Hilo ndilo nilitaka kulisema kuhusu hizo sita za sahani moja. Wanne kati yao ni wanawake, sivyo? Mwanamke mbele ya mashemeji na mwenyekiti hawezi kunyanyuka mara ya tatu kwenda kwenye meza, watu wakahesabu. Na kumbe kweli kulikuwa na mtu anahesabu! Msiite hiyo shibe.

#50 Mtunza_Daftari

Ni watatu, dada. Lakini nimekuelewa. Nilihesabu kwa ajili ya fedha, sikukusudia kumvunjia mtu heshima. Nawaomba radhi.

#51 Katibu_Mwenza

Na mimi nakiri nilikula moja tu kwa sababu ya ile 5,000 ya kubakiza. Niliogopa kupakua nikashindwa. Nilikuwa na uwezo wa nusu sahani zaidi, lakini unapakuaje nusu mbele ya watu?

#52 Mweka_Hazina_Huyohuyo

Haya ndiyo niliyokuwa nayasema toka mwanzo. Faini inafanya kazi yake.

#53 Aliyerudi_KL

Faini ni ya kuzuia kumwaga chakula, bosi. Kule chakula kinachotupwa kwenye hizo bufee za Ramadhani ni jambo linalolalamikiwa kila mwaka. Mimi niko upande wa mpishi hapo.

#54 Babu_wa_Sahani_Tatu

Assalamu alaikum. Mjukuu wangu amenisomea uzi wote, naye ndiye anayeniandikia. Mimi ndiye mzee mwenyewe.

Asubuhi nilikunywa uji wangu kama kawaida, na muhogo mmoja. Kwenye mabakuli sikushika kitu kwa sababu meno hayataki. Sikunywa chochote mpaka nilipomaliza, tulivyofundishwa utotoni. Sahani ya kwanza nilichukua nyama kidogo, samaki na achali, wali vijiko viwili. Nikapumzika, nikaongea na jirani yangu. Ya pili vilevile. Ya tatu chapati moja na mchuzi wa dengu. Kila sahani ilikuwa ndogo. Ukizikusanya zote tatu huenda hazifiki moja ya yule aliyejitapa.

Kwa hiyo Mtunza Daftari hakuhesabu chakula, alihesabu safari.

#55 Mchuuzi_Ferikoti

Shikamoo babu. Hapo umetumaliza.

#56 Kifumbu

Shikamoo mzee. Ila naomba niseme kwa heshima, mzee amechukua nyama kidogo. Tui lilimkosa. Hoja yangu ya #2 bado imesimama.

#57 Kijana_wa_Ligula

Na hakugusa jagi. Hoja yangu pia imesimama.

#58 Nguru_Mkavu

Mzee, ulikula sambal?

#59 Babu_wa_Sahani_Tatu

Sikuigusa. Nina vidonda vya tumbo.

#60 Nguru_Mkavu

Basi.

#61 Mwalimu_wa_Kilwa

Kwa wote wanaoona watu kumi na sita kushindwa ni jambo la kawaida: msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331, Mogadishu kisha akafika Kilwa. Kule Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi za kupikwa kwenye maziwa, na achali ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi na maembe. Akaandika kwamba mtu mmoja wa pale anakula chakula cha kundi zima la watu kama yeye Ibn Battuta na wenzake. Pwani ilikuwa na walaji.

#62 Mwana_Mikindani

Mwalimu, hiyo ni Mogadishu. Chakula cha Kilwa hakukieleza hivyo.

#63 Mwalimu_wa_Kilwa

Sijasema Kilwa. Nimesema pwani.

#64 Mwana_Mikindani

Na kuhusu sahani, jambo moja. Sisi hatukuzoea kila mtu na sahani yake. Kwenye sinia la watu wanne hakuna anayejua amekula kiasi gani. Unapiga tonge, unaongea, mwenzako anakusogezea nyama, unaendelea. Sahani yako peke yako inakuonyesha mwisho. Ukiiona iko tupu akili inasema umemaliza. Ningekuwa mimi ningemwomba mpishi aweke masinia.

#65 NesiMstaafu

Sinia nalo linamfanya mtu ale haraka ili asiachwe. Sina hakika kama hilo lingewasaidia, mwanangu.

#66 BintiShangani

Lakini kwenye sinia hakuna wa kuhesabu safari za mtu.

#67 Mtunza_Daftari

Wakuu, nashukuru wote. Kikao kimefanyika leo. Mweka hazina bado anasema ni mpangilio wa meza. Katibu anasema ni mabakuli na kuchelewa kwa wa Msangamkuu, na wa Msangamkuu wanasema feri haiwasubiri wao. Nguru Mkavu kashika pilipili yake. Kura kumi na moja kwa tano, tunarudi Desemba. Kila mtu anywe chai kwanza, na mimi sitabeba daftari.

Nimepita kwa mpishi kuuliza habari ya masinia. Amesema yeye hana neno, atamuuliza mkewe kwa sababu jiko ni la mkewe.

#68 MamaKorosho

Muulize pia anahitaji kilo ngapi za zilizovunjika kwa mwezi huo. Ninazo.

#69 Kijana_wa_Ligula

Na mimi naweza kujiunga na kikoba kabla ya Desemba?

#70 Mweka_Hazina_Huyohuyo

Hisa ni 10,000 kwa wiki. Faida unaanza kula mwakani.